Kuku Mweusi, Ulimi Mwekundu

Uani kwangu hapa Mtwapa, nyuma ya jiko, kuna banda la mabati na mbao za mapaleti, na ndani yake kuku weusi. Si weusi wa manyoya tu. Ngozi nyeusi, upanga wa kichwani mweusi, kucha nyeusi, na ukichinja utakuta nyama na mifupa navyo hivyo hivyo. Jina lao huandikwa Ayam Cemani na husomwa chemani. Hiyo ayam ni kuku tu kwa Kiindonesia, maana asili yao ni kisiwa cha Java, pande za Kedu huko Temanggung. Ulaya walifikishwa mwaka 1998 na mfugaji wa Kiholanzi aitwaye Jan Steverink, wakaendelea kusambaa hadi siku hizi utawakuta hata kwetu.

Tangu mimi Bi Uani niwataje humu kwenye safu hii miezi mitatu iliyopita, barua hazikatiki. Nimechagua saba. Mlioniuliza bei mtanisamehe. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu miaka 29, sikuwa dalali.

*

*Shikamoo Bi Uani. Nilinunua mayai 12 ya chemani kwa mtu wa hapa mkoani, kuku wangu wa kienyeji akayaatamia, wakatoka 7. Sasa wana wiki tisa. Wawili wana weupe kifuani na kwenye ncha za mbawa. Mmoja ana kidole cheupe mguu wa kushoto, utadhani kimechovywa kwenye chokaa. Mwingine nikimfungua mdomo naona wekundu. Rafiki yangu aniambia nichinje wote wanne, nisipoteze chakula. Nifanyeje?* — Kijana wa Pongwe, Tanga

Marahaba mwanangu. Weka kisu chini kwanza.

Hao wawili wenye weupe kifuani waache. Vifaranga wengi wa chemani hutoka yaini na tumbo jeupe-jeupe na mbawa kama zimegusa unga. Manyoya ya utotoni hunyonyoka, na yanayoota baada yake mara nyingi huwa meusi. Nasema mara nyingi. Wapo wanaobaki na madoa yao hadi uzeeni, lakini hilo hutalijua kwenye wiki ya tisa. Ngoja wafikishe miezi mitano au sita.

Mwaka 2019 nilikuwa na papara kama ya rafiki yako. Nilimchinja tetea wa wiki kumi kwa sababu ya ncha nyeupe mbawani. Dada yake alikuwa na kasoro ileile, tena imezidi, ila siku hiyo alijificha chini ya tangi la maji nikachoka kumwinamia. Alipofikisha miezi saba alikuwa mweusi hata ukimtazama juani anarudisha rangi ya kijani, kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye dimbwi. Ndiye mama wa karibu nusu ya kuku nilio nao leo. Yule mwingine tulimla kwa chapati.

Kidole cheupe ni habari tofauti. Hiyo ni ngozi, hainyonyoki. Mwenye kidole hicho usimtie kwenye mbegu hata kama kwingine kote ni mweusi ti, kwa kuwa utakuja kukiona tena kwa wajukuu zake. Lakini hakuna haraka ya kumchinja. Akiwa tetea, atakutagia mayai ya nyumbani. Akiwa jogoo, mwache apate nyama kidogo mifupani.

Kinywa ndipo watu wanapodanganyana. Picha nyingi za mauzo utaona kuku amesimama kivulini, mdomo umefungwa. Mimi humshika kuku asubuhi, jua likiwa la kutosha, nikambana kwapani na kumfungua kwa kidole gumba. Natazama ulimi juu, ulimi chini, kisha kaakaa hadi ndani kooni. Wengi huwa na kijivu. Kijivu cha mkaa uliopoa ninakikubali, hasa kwa tetea aliye mzuri kwingine. Waridi au wekundu sikubali. Huyo wako mtazame tena mwezi wa nne na wa sita, ukiandika kila mara. Usitegemee kichwa, kwa sababu ukishampenda kuku, macho yako yatamwongezea weusi.

Majogoo wana siri yao. Jogoo anaweza kukaa mweusi miezi mitano, kisha akianza kupevuka, manyoya marefu ya shingoni yanaleta wekundu kama kutu. Kwa hiyo jogoo wa mbegu simpitishi kabla ya mwezi wa nane. Na upanga nao mtazame vizuri. Ukiwa wa rangi ya zambarau iliyoiva ni sawa, wengi huelekea huko wakishakua. Ukiwa mwekundu wa nyanya, hiyo ni chungu na mchele.

Wa kuwaondoa mapema ni wale wenye hitilafu ya mwili: mdomo uliopishana kama mkasi, au aliyedumaa hata ndugu zake wanamkanyaga. Kifaranga aliyetanua miguu usimhukumu siku ya kwanza. Mfunge miguu yote miwili kwa kitambaa laini, uache nafasi kama ya upana wa mwili wake, umweke kwenye sakafu isiyoteleza. Siku tatu, nne, wengi husimama.

Sasa nikupe hesabu yangu ya mwaka juzi ujue unakoelekea. Niliangua 41. Watatu wakafa kabla ya kufikisha miezi miwili. Katika 38 waliobaki, 20 walikuwa majogoo na 18 tetea. Nilibakisha kwenye mbegu jogoo 1 na tetea 3. Tetea 6 wanataga kwa ajili ya jiko, 9 niliwauza kwa watu waliojua kasoro zao kwa kuonyeshwa, na majogoo 19 wote waliishia chunguni. Kwa hiyo wewe mwenye saba, ukipata mmoja wa mbegu umshukuru Mungu. Kama moyo wako hauna nafasi ya hao wengine, fuga njiwa.

*

*Mayai ya kuku hawa nayo ni meusi?* — Msomaji wa Voi

La. Yana rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Anayekuuzia yai jeusi kalipaka mwenyewe.

*

*Bi Uani, shikamoo. Majirani wameanza kunong'ona kwamba nafuga kuku weusi kwa ajili ya uganga. Juzi mtu nisiyemjua alibisha hodi baada ya isha, anataka jogoo mweusi asiye na doa, na bei aliyotaja ni mara tatu ya kawaida. Mume wangu asema tuuze. Mimi naogopa.* — Mama wa Likoni

Marahaba mwanangu, na pole. Hilo la kuku mweusi si la leo. Tangu tukiwa wadogo tulisikia fulani kaagizwa kuku mweusi, fulani kaagizwa mwekundu. Hata kwao Java watu huwatumia katika matambiko yao, na baadhi ya umaarufu wao umetoka huko. Umeme hautaondoa jambo hilo, wala barua yangu.

Kwangu naye alikuja, wa kwangu alikuja saa nne usiku, kavaa koti na joto lote lile. Akaeleza anachotaka: jogoo, mweusi kote, asiwe na doa hata moja. Nikampelekea jogoo mzuri sana, nikamwashia tochi, nikaunyanyua mguu. Kidole cheupe. Nikamletea wa pili, nikamfungua mdomo: waridi. Wa tatu nikampekua shingoni, unyoya wa kutu huu hapa. Nikamwambia, baba, mimi mwenyewe nawatafuta hao usiku na mchana sijawapata. Akaondoka. Yule wa mbegu alikuwa amelala juu ya kichanja, na mimi sikuulizwa kuhusu yeye.

Mwanangu, usiuze kwa mtu asiyetaka kukuambia jina lake mchana. Na kwa majirani, dawa yake ni mchuzi. Kuku wa siri ndiye kuku wa uchawi. Waite watoto wao waje kuona vifaranga. Ukichinja, wachungulie: damu ni nyekundu kama ya kuku yeyote. Hilo peke yake lilinisaidia kuliko maelezo yote, kwa kuwa hapa mtaani ilikuwa imeshaenezwa kwamba damu yao ni wino.

Bakuli la kwanza nililompelekea jirani yangu wa kulia lilirudi na kifuniko chake, halikuguswa. Alidhani nyama imeoza. La pili nilikaa naye tukala pamoja. Unampika hivi: jogoo wa miezi minane ni mgumu, kwa hiyo mchemshe kwanza na tangawizi, thomu na chumvi, moto mdogo, saa moja na nusu au zaidi, hadi uma uingie. Kisha umtie kwenye tui zito na ndimu na pilipili mbichi. Tui litakuwa la kijivu, usishtuke. Taa ya jikoni ikiwa hafifu hutaona paja wala kipande cha kidari, utatafuta kwa mkono. Ladha ni ya kuku wa kienyeji aliyetembea.

Ila usiwaongezee uongo mwingine. Kila wiki napata ujumbe kwamba nyama nyeusi inatibu sukari, presha na nguvu za kiume. Wachina wana supu yao ya kuku mweusi wa manyoya ya hariri, hupewa mzazi aliyejifungua, na sisi tuna supu yetu ya mzazi yenye pilipili manga. Wahindi wa Jhabua wana kuku wao mweusi, kadaknath, hata mwaka 2018 serikali yao ikalilinda jina hilo lisitumiwe na wa kwingine. Vyote ni vyakula vizuri. Mwenye sukari aendelee kumeza vidonge vyake.

*

*Mwalimu, habari za Mtwapa. Nina jogoo mmoja chemani na tetea wawili, wote wa mtotoleo mmoja. Nataka wawe wengi haraka. Shemeji yangu ashauri nimwachie jogoo kwenye kuku wangu 15 wa kienyeji, eti watoto wote watatoka weusi. Ni kweli?* — Msomaji wa Bungoma

Nzuri, mwalimu yupo. Shemeji yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo itakayokugombanisha na wateja.

Nivumilie nichukue chaki. Weusi wa ndani wa kuku hawa unatokana na kipande cha kromosomu ya 20 kilichojirudufu. Ndani ya kipande hicho mna jeni inayoziamuru chembe za rangi zizaane na kuenea wakati kifaranga bado yumo yaini. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 2011, na wakakuta badiliko lilelile kwa kuku wa manyoya ya hariri wa Uchina. Tuliite kiwasha. Kiwasha kina nguvu: mtoto akipokea kwa mzazi mmoja tu, kinafanya kazi. Hapo shemeji yuko sawa.

Lakini kuna kizuizi. Kuku wengi wenye miguu ya njano au myeupe wana kitu kinachozuia weusi kutulia kwenye ngozi, nacho hukaa kwenye kromosomu ya jinsia. Jogoo ana kromosomu hizo mbili. Tetea ana moja tu, aliyopewa na baba yake. Sasa mpandishe jogoo wako kwa kuku wa miguu myeupe uone. Watoto wa kike wamechukua ya baba peke yake, isiyo na kizuizi: wanatoka weusi. Wa kiume wamechukua ya baba na ya mama, na ya mama ina kizuizi: wanatoka na ngozi iliyofifia, chafu-chafu. Ukigeuza, jogoo wa kienyeji wa miguu ya njano kwa tetea chemani, kizuizi kinawafikia wote, wa kike na wa kiume.

Kwa hiyo ukitaka kuchanganya, pita kwenye hao 15 ukatazame miguu. Wenye miguu ya samawati iliyokolea au kijivu cheusi ndio wa kuchagua, maana kizuizi hawana. Kisha binti zao uwarudishe kwa jogoo chemani, asiwe baba yao. Katika uzao huo wa pili hakuna atakayebeba kizuizi, na nusu watakuwa na kiwasha pande zote mbili. Ni nusu ipi, macho hayatakuambia. Utaendelea kuchuja, mwaka baada ya mwaka, kinywa kwa kinywa. Na muda wote huo unauza chotara, sema ni chotara. Mimi sina ugomvi na chotara, hutaga vizuri kuliko wangu. Chemani wangu bora aliniletea mayai 83 mwaka wake wa kwanza, wakati kuku wa biashara anakaribia 300.

Jambo hukuliuliza lakini ndilo kubwa: jogoo na dada zake. Ukiwapandisha ndugu wa baba na mama mmoja, robo ya urithi wa watoto inakuwa ni nakala mbili za kitu kilekile, na ubovu uliokuwa umefichika unajitokeza. Mimi niliufanya upumbavu huo vizazi viwili mfululizo kwa tamaa ya ulimi mweusi. Ndimi nilizipata. Lakini katika mayai 20 niliyotia kwenye mashine, walitoka 6, na wawili kati yao vidole vilikuwa vimepinda kama kulabu. Weusi wote ule, na hakuna wa kurithi.

Tafuta jogoo wa ukoo mwingine, hata kama ulimi wake ni wa kijivu. Akija, mtenge mwezi mzima mbali na wako, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na kabla ya kukusanya mayai ya mbegu, muondoe jogoo wa zamani ungoje wiki nne, kwa sababu tetea huhifadhi mbegu za jogoo tumboni hata wiki tatu. Wengi hawalijui hili, wanabadilisha jogoo Jumatatu, Ijumaa wanaanza kuandika ukoo mpya.

Banda likikua, gawa koo tatu kwa pete za mguuni. Kwangu ni nyeupe, njano na buluu, kwa kuwa nyeusi haionekani. Tetea hubaki kwenye ukoo wa mama. Jogoo mpya wa ukoo mweupe huenda kwa tetea wa njano, wa njano kwa buluu, wa buluu kwa weupe. Inazunguka hivyo, unakaa miaka kabla ndugu hawajakutana.

*

*Nipo Namanga, upande wa Tanzania. Jamaa yangu wa upande wa pili atanipa mayai ya chemani, niyavushe kwenye kikapu cha mboga. Yatapata shida kwa mtikisiko?* — Mfugaji

Mtikisiko ndio shida yako ndogo. Mwaka 2017 hapo hapo Namanga vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilikamatwa na kuteketezwa kwa moto. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kuku kwa hofu ya mafua ya ndege. Nenda kwa ofisa mifugo kabla hujagusa hicho kikapu. Na ukinunua yai lolote la safari, lilaze saa 24, ncha nyembamba chini, kabla ya kuliatamisha.

*

*Assalaam alaikum Bi. Chemani wangu watatu wamekufa ndani ya siku mbili. Jioni walikuwa wakila. Sikuona dalili yoyote, panga zao zilikuwa nyeusi kama kawaida.* — Bububu, Unguja

Wa alaikum salaam. Pole sana. Kwanza, waliokufa usiwale wala usiwatupe: wazike kina kirefu au wachome, na muite daktari wa mifugo leo hii achunguze. Vifo vya ghafla hivyo vinaweza kuwa kideri, wengine mnaita mdondo. Hakina tiba, kina chanjo tu. Ile ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Kuku kuwa adimu hakumkingi.

Umeligusa jambo ambalo wanaouza hawalisemi. Kuku wa kawaida husomwa usoni. Upanga ukipauka unajua kuna minyoo au damu imepungua, ukiwa wa samawati unajua anakosa pumzi. Chemani uso wake ni ukuta wa usiku. Ugonjwa unampitia wote na upanga haujabadilika.

Basi msome kwa mikono. Kila Ijumaa baada ya mchana mimi huwapima kwenye mizani ya jikoni, jogoo mzima wangu huwa na kilo mbili na ushei, tetea moja na nusu hadi mbili. Nampapasa mfupa wa kidari: ukiwa kama makali ya kisu, anakonda. Asubuhi kabla ya kula, mfuko wa chakula kooni uwe mtupu. Ukiwa umejaa na umeshikamana, kuna tatizo. Natazama kinyesi chini ya kichanja, kila ndege mahali pake. Utitiri nao hauonekani juu ya ngozi nyeusi, kwa hiyo usiku natandika shuka kuukuu jeupe chini ya kichanja, alfajiri natazama kwa tochi kama kuna nukta zinazotembea. Viroboto hupenda pembeni mwa macho na kwenye upanga, hao wapapase kwa kidole, utasikia kama chembe za mchanga.

Na kivuli. Jua la pwani kwa ndege mweusi si mchezo. Wangu hushinda chini ya mwembe kuanzia saa nne, na maji nawabadilishia mara mbili.

*

*Bi Uani, binti yangu ana miaka minane. Jogoo wetu mmoja alimpa jina Kiwi, kwa weusi wake, kama ya viatu. Sasa Kiwi ameota manyoya mekundu shingoni na anapigana na jogoo wa mbegu hadi damu. Mume wangu yuko safarini. Mimi sijawahi kuchinja, na mtoto ameshaanza kulia kabla sijasema kitu.* — Mama wa Kisauni

Nimeisoma barua yako mara mbili. Hapa kwangu aliyekuwa anachinja ni mzee wangu. Mwaka 2021 akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Nikabaki na majogoo 14 wanaotoboana macho. Nilikuwa nimekua nikiambiwa mwanamke hachinji. Nikamuuliza ustadh wa madrasa, akasema mwanamke Mwislamu akichinja kwa sharti zake ni halali bila neno, kisha akanitazama kama anayeshangaa nilikuwa wapi. Kwa hiyo la dini lilikwisha. Likabaki la mkono.

Wa kwanza nilimharibu. Nilitumia kisu cha vitunguu, nikakata, hakikuingia, nikakata tena. Sitasema zaidi ya hapo. Nilikaa mwezi mzima bila kushika mwingine, na kila nikisikia wanavyopigana nahisi ni mimi. Kisha nikaenda kwa muuza samaki wa sokoni akaninolea kisu mpaka kikawa kinanyoa nywele za mkono, akanionyesha pa kushika.

Fanya hivi. Usiku mtenge, maji apewe, chakula hapana. Chukua mtungi wa plastiki wa lita tano, ukate kitako, na mdomoni uongeze upana kidogo, uupigilie misumari kwenye mti au nguzo, shingo chini. Asubuhi na mapema mbebe umefunika mbawa zake kwa kanga. Mtie mtunguni kichwa kikitokea chini, hapo hawezi kujipiga, na wewe mikono yako miwili iko huru. Asikione kisu, wala wenzake wasione. Elekea kibla, bismillahi, kata mara moja: koo, umio na mishipa yote miwili. Umeshika kichwa, usikiachie. Atatikisika, hiyo si kupigana nawe. Ngoja mpaka atulie kabisa, hesabu hata dakika tatu, ndipo umguse maji. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto ya kuchoma mkono lakini hayachemki, yakichemka ngozi huchanika. Na chemani ana adha yake: vishina vya manyoya havionekani kwenye ngozi nyeusi. Fumba macho unyonyoe kwa vidole, ni rahisi zaidi.

Mtoto usimdanganye kwamba Kiwi ametoroka. Atamtafuta. Mwambie amepigana na atamuua mwenzake, na kwamba unamchinja Jumamosi. Anaweza kukaa kwa bibi yake siku hiyo. Anaweza pia kutaka kuwepo, na wa miaka minane wengine ni wagumu kutushinda. Kama hataki kumla, mgawie jirani.

Halafu mpe kazi ya daftari. Mjukuu wangu ndiye anayeandika la kwangu, pete, tarehe, ulimi, vidole, kilo. Sheria tuliyoiweka baada ya machozi ya mwaka ule ni kwamba hakuna jina kabla ya mwezi wa nane, ni namba ya pete tu. Yeye ameishika. Mimi ndiye ninayeivunja: yuko jogoo mmoja wa miezi sita, ulimi kijivu, shingo bado sijui, anaitwa Kumi na Saba, na kila asubuhi ananisubiri mlangoni mwa jiko.